Kipindi Kilichozimwa kwa Kuwa Kilitaka Kutazamwa

Tuanze na mwisho. Kesi imekwisha, mhalifu kafungwa pingu, wapelelezi wawili wamesimama ofisini wanataniana kidogo kabla ya kwenda nyumbani. Muziki unapanda. Katika tamthilia za polisi za Marekani za miaka ya 1960 na 1970, hapo ndipo picha ilipoganda: uso wa askari unabaki na nusu tabasamu, majina yanaanza kupita juu yake. Katika Police Squad!, kichekesho cha runinga kinachozitania tamthilia hizo, nako watu wanaganda, ila kamera inaendelea kuzunguka. Waigizaji wenyewe ndio wamesimama kama vigingi, wamebana pumzi. Mmoja alikuwa anamimina kahawa. Kwa kuwa kaganda na chombo mkononi, kahawa nayo haina habari, inamiminika tu, kikombe kinajaa, kinafurika, na mwenyewe hapepesi jicho. Katika sehemu nyingine mtuhumiwa anashangaa mbona wote wamekuwa sanamu, anawatazama mmoja baada ya mwingine, halafu anaanza kutafuta pa kutorokea.

Sasa jiweke jikoni, runinga umeipa mgongo, unageuza samaki kwenye karai. Masikioni mwako ni muziki wa kufungia kipindi tu, kama wa kipindi chochote cha polisi. Walioko sebuleni wanakufa kwa kicheko, wewe unauliza, "Kuna nini?"

Kisa chetu kiko hapo hapo, kati ya jikoni na sebuleni. Mwaka 1982 kipindi hiki kilirushwa na kituo cha ABC cha Marekani, kikazimwa baada ya sehemu sita tu. Mwaka 1988 watu wale wale, mhusika yule yule, mwigizaji mkuu yule yule na sehemu kubwa ya vichekesho vile vile vikarudi kama filamu ya sinema, The Naked Gun, iliyogharimu takriban dola milioni 12 na kuingiza zaidi ya milioni 78 Marekani peke yake. Ikazaa filamu mbili zaidi, 1991 na 1994, na mwaka 2025 ikafufuliwa tena. Ni nini kilichobadilika katika hiyo miaka sita?

Waliokitunga ni ndugu wawili, David na Jerry Zucker, na rafiki yao Jim Abrahams, vijana wa Milwaukee, jimbo la Wisconsin. Mwaka 1980 walikuwa wametoa Airplane!, filamu ya vichekesho iliyochukua hadithi ya filamu isiyo ya vichekesho ya mwaka 1957 kuhusu ndege iliyo hatarini, wakaifuata karibu hatua kwa hatua, wakabadilisha kitu kimoja: kila mtu ndani yake anasema upuuzi kwa uso wa msiba. Ilifanya vizuri mno sokoni. ABC wakawaita, wao wakaja na polisi.

Walichokiiga ni M Squad, tamthilia ya Lee Marvin iliyorushwa kati ya 1957 na 1960, pamoja na mtindo wa kampuni ya Quinn Martin, ambayo vipindi vyake vilikuwa na sauti nzito ya mtangazaji inayosoma jina la sehemu ya wiki hiyo. Hapa walifanya jambo ninalolipenda kuliko yote. Hawakutafuta mtu wa kuigiza ile sauti. Walimchukua Hank Simms, aliyekuwa akivitangaza vipindi vya Quinn Martin vyenyewe. Mzee wa watu anasoma kwa uzito ule ule wa siku zote, ila jina analolitamka ni jingine kabisa na lile lililoandikwa kwenye skrini. Mwenye kusoma bila kusikiliza kapitwa, na mwenye kusikiliza bila kusoma kapitwa vile vile. Sauti hiyo hiyo inatangaza kwa fahari kwamba kipindi ni cha rangi, mwaka 1982, kana kwamba hiyo bado ni habari.

Kisha anatambulishwa mgeni maalumu wa wiki, nyota mwenye jina. Anauawa pale pale kwenye utambulisho, wala hatumwoni tena. Lorne Greene anatupwa kutoka kwenye gari akiwa na kisu kifuani. William Shatner anakwepa risasi mgahawani kwa ustadi wa hali ya juu, anajipongeza kwa funda la mvinyo, mvinyo una sumu. John Belushi naye alirekodiwa kwa ajili ya nafasi hiyo, lakini akafariki dunia tarehe 5 Machi 1982, siku moja baada ya sehemu ya kwanza kurushwa, na kipande chake hakikuonyeshwa.

Kila kitu ndani ya kipindi kinadai macho namna hiyo. Frank Drebin, mpelelezi wetu, kila anapofika eneo la tukio anagonga mapipa ya taka kwa gari, na mapipa yanaongezeka kadiri wiki zinavyosonga. Kuna mpiga kiwi anayejua siri zote za mjini. Drebin anampenyezea noti, anaambiwa anachotaka, anaondoka. Kiti hakijapoa, anakaa daktari wa upasuaji, naye anampenyezea noti kuuliza namna ya kufanya operesheni. Na kuna mapambano ya risasi: Drebin kajibanza huku, mhalifu kule, wanarushiana, kamera inaruka kwa mmoja kisha kwa mwingine kama tulivyozoea. Halafu kamera inarudi nyuma na kutuonyesha wote wawili kwa pamoja. Wako umbali wa kupeana mkono.

Sehemu nne zilirushwa Machi, kikasimamishwa, mbili zilizobaki zikasukumwa Julai, watu wakiwa likizo. Mwaka huo huo Leslie Nielsen alipendekezwa kuwania tuzo ya runinga ya Emmy kwa kumwigiza Drebin, na waandishi nao wakapendekezwa. Haikusaidia kitu. Bosi wa burudani wa ABC wa wakati huo, Tony Thomopoulos, alieleza kwamba tatizo la kipindi ni kuwa mtazamaji alilazimika kukitazama ili akifurahie.

Kauli hiyo imechekwa kwa zaidi ya miaka 40. Runinga ya kutotazamwa? Ni sawa na mwenye hoteli kulalamika kwamba chakula chake lazima kiliwe. Mimi nadhani yule bosi anaonewa. Alisema kweli, tena kweli ambayo wenye vituo huwa hawaisemi hadharani. Runinga ya nyumbani, ya Marekani kama ya Kariakoo, zaidi husikilizwa. Inawashwa, watu wanakula, mtoto anaogeshwa, mgeni anagonga hodi, mtu anainua kichwa akisikia king'ora au mlio wa risasi, anaangalia kidogo, anarudi kwenye shughuli zake. Ukikaa mbele ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku bila kuinuka hata mara moja, watakuuliza kama unaumwa. Tamthilia ya polisi ya kawaida imetengenezwa kwa maisha hayo: jambo muhimu linasemwa mara tatu, na wakirudi kutoka kwenye matangazo ya biashara mpelelezi anamkumbusha mwenzake yaliyotokea ili anayetoka jikoni asipotee. Police Squad! haikumkumbusha mtu kitu.

Wala haikuwa na kicheko cha kurekodiwa. Vichekesho vingi vya runinga ya Marekani wakati huo vilikuwa na umati usioonekana unaocheka kwa niaba yako; aliyeko jikoni akiusikia anajua kapitwa na kitu, anakimbilia sebuleni. Hapa kimya. Mtu mwenye mvi na suti, sauti ya kishua, anaongea kama afande anayetoa taarifa kwa waandishi wa habari. Usipotulia utadhani ni kipindi cha polisi kweli, tena kibovu.

Sinema ina taa zilizozimwa, kiti, tiketi uliyoilipia, na picha kubwa kama ukuta. Hakuna jiko. Mzaha ukipita kwenye kona ya picha, jicho liko pale. Na cha zaidi, umati unaocheka upo, watu wa kweli mia mbili, na kicheko cha jirani kinakuamsha kutafuta ulichokikosa. Kwa hiyo yule yule Drebin aliyekuwa mzigo sebuleni akapata nyumba inayomfaa.

Lakini ukumbi peke yake haujibu swali lote. Mwaka 1982 walimcheka Lee Marvin wa mwaka 1957. Watazamaji wengi pengine walikuwa hawamkumbuki. Kufikia Desemba 1988, filamu ilipotoka, polisi wa sinema alikuwa amejaa kila mahali. Beverly Hills Cop ilikuwa ya 1984, Lethal Weapon ya 1987, Die Hard ilikuwa imetoka Julai ya mwaka huo huo. Watu walikuwa wameshiba askari mbishi asiyefuata amri, anayevunja nusu ya mji kumkamata mtu mmoja, na mwisho anapigiwa makofi. Mzaha ulikuta meza imeandaliwa.

Nitachukua onyesho moja tu, kwa sababu linaonyesha kazi yenyewe inavyofanyika. Katika Dirty Harry ya mwaka 1971, Clint Eastwood, akiwa mpelelezi Harry, anaitwa ofisini kwa meya. Meya hataki fujo kama za mwaka uliopita. Harry anajibu kwa ubaridi: akiona mwanamume anamkimbiza mwanamke kwa nia ya kumbaka, yeye hupiga risasi, huo ndio utaratibu wake. Ukumbi unashangilia. Miaka 17 baadaye Drebin naye yuko mbele ya meya, safari hii meya wa Los Angeles, mwanamke, na meya hataki fujo kama za mwaka uliopita. Drebin anajibu kwa ubaridi ule ule, kwa mpangilio ule ule wa maneno: akiona watu watano waliojifunga mashuka wanamchoma mtu visu katikati ya bustani, mbele ya watazamaji mia, yeye hupiga risasi, huo ndio utaratibu wake. Meya anamwambia lile lilikuwa onyesho la Julius Caesar. Kaua waigizaji watano. Na walikuwa wazuri!

Tazama kilichoguswa na ambacho hakikuguswa. Ofisi ni ile ile, lawama ni ile ile, jibu lina mapigo yale yale, mwigizaji habadilishi hata sauti. Kilichobadilika ni tukio tu. Ndipo ghafla unajikuta unamuuliza Harry wa mwaka 1971 swali ambalo hukumuuliza ulipokuwa ukimshangilia: na wewe ulijuaje? Kwa msomaji wa Kiswahili onyesho hili lina utamu wa ziada. Tuliosoma Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere shuleni tunalijua lile tukio; tunawajua waliovaa mashuka, na tunajua kwamba Bruto alikuwa na hotuba ndefu bado hajaisema. Afande kaukatisha mchezo kabla hata maiti haijahutubiwa.

Leslie Nielsen anastahili aya yake. Alizaliwa Regina, Kanada, mwaka 1926, na baba yake alikuwa askari wa polisi ya wapanda farasi ya nchi hiyo. Kwa karibu miaka 30 aliigiza watu wazito: kamanda wa chombo cha anga mwaka 1956, nahodha wa meli inayopinduka mwaka 1972, mawakili, madaktari, majambazi wenye suti. Sauti yake ilikuwa ya mtu unayemkabidhi funguo za benki. Kina Zucker hawakumfundisha kuchekesha. Walimtaka aendelee kuwa vile vile na ayaseme maneno waliyomwandikia. Sisi tumezoea njia nyingine. Marehemu Mzee Majuto akichungulia tu mlangoni watu wako chini, hajasema neno. Uso wake wenyewe ulikuwa kichekesho. Nielsen angefanya hivyo mara moja tu, angekonyeza kamera hata kidogo, nyumba yote ingeanguka. Drebin hajui kama yumo kwenye kichekesho. Anajiona steringi.

Na hapo kwenye neno steringi ndipo kisa kinapofika kwetu. Tanzania Bara haikuwa na runinga hadi 1994. Polisi wa Marekani tulikutana nao kwenye kanda za video, kwenye vibanda vyenye benchi za mbao na pazia jeusi mlangoni, na huko sheria zilijulikana kuliko katiba. Steringi hafi. Bunduki ya steringi haiishi risasi. Adui mkuu akishamweka steringi chini ya mtutu lazima kwanza ajieleze maisha yake yote, apate kuokolewa. Mtazamaji wa namna hiyo hakuhitaji kumjua Lee Marvin. Lile pambano la risasi la umbali wa kupeana mkono analielewa kabla ya Mmarekani, kwa sababu kwa miaka alikuwa akijiuliza kimoyomoyo hawa watu wanakosanaje. Vivyo hivyo askari Nordberg wa The Naked Gun, kwenye meli ya dawa za kulevya: anamiminiwa risasi mpaka unaacha kuhesabu, hafi; anagonga kichwa kwenye bomba, anashika jiko la moto, anaegemea rangi mbichi, dirisha linambana vidole, anaangukia keki, anakanyaga mtego wa dubu, ndipo anadondoka majini. Na bado hafi! (Mwigizaji ni O. J. Simpson. Filamu ya tatu ilitoka Machi 1994, na Juni mwaka huo akawa mshtakiwa wa mauaji katika kesi iliyoitikisa Marekani hadi alipoachiwa Oktoba 1995. Kila ninaporudia onyesho hilo kicheko kinanikwama katikati.)

Filamu ya kwanza inaanzia Beirut, kwenye kikao cha maadui wa Marekani: yumo wa kufanana na Khomeini, na Gorbachev, na Gaddafi, na Arafat, na, mwenye mwili wake, Idi Amin. Drebin, aliyejifanya mhudumu, anawachapa wote. Mwaka 1988 Amin alikuwa na miaka tisa tangu akimbie Kampala, anakula uhamisho wake Saudi Arabia. Kumweka mezani na Gorbachev kama tishio kwa Washington ni kichekesho ambacho nadhani wenyewe hawakukikusudia. Kwa waliokumbuka Kagera, wala hawakuhitaji kukielewa. Amin anapigwa, inatosha.

Panapogoma ni kwenye masikio. Mizaha ya maneno ya kundi hili inatokana na watu kuyachukua maneno yalivyo, na mingine inavuka bila pasipoti. Drebin anamnyooshea mtu pakiti: "Sigara?" Anajibiwa, "Ndiyo, ni sigara." Kwa Kiswahili inakaa vizuri, pengine vizuri zaidi. Ila sehemu ya kwanza kabisa ya Police Squad! ina mahojiano marefu ambamo majina ya watu yanafanana na maneno ya kawaida ya Kiingereza, marehemu mmoja ukoo wake ni Twice, yaani mara mbili, kwa hiyo ukisema kapigwa risasi Twice hakuna anayejua kafa nani na kapigwa ngapi. Hilo ukilitafsiri neno kwa neno umelizika. Mfasiri mwenye akili angeliacha na kutafuta la kwetu, maana majina ya hivyo tunayo tele:

"Nani alimwona muuaji?"
"Sijaona."
"Sikuulizi wewe. Nauliza nani alimwona."
"Si nimekwambia? Sijaona."
"Basi kama hujaona, nani kaona?"
"Sijaona ndiye aliyeona, afande."

Afande angeandika hayo daftarini kwa uso mkavu. Ndivyo Nielsen angefanya.

Lakini vibandani hapakuwa na mfasiri wa namna hiyo. Palikuwa na mtu mwenye maiki. Tanzania alikuwepo Lufufu, Kenya yupo DJ Afro, na mitaani wengine wengi, na kazi yao ni kuizungumza filamu yote juu ya sauti yake: kumpa adui jina la mtaani, kumtukania mkwe, kumtania steringi kwamba hiyo koti kaazima, kukukumbusha nani kamuua nani ikiwa ulitoka kununua karanga. Ukiangalia vizuri, hawa wamekuwa wakifanya kazi ya kina Zucker kwa miaka mingi bila studio wala bajeti. Wanachukua filamu ya polisi iliyokusudiwa iogopwe, hawagusi hata picha moja, wanabadilisha maneno tu, na kibanda kizima kinaishia kucheka. Tena wamelitatua tatizo la bosi wa ABC: ukitazama unafurahi, ukisikiliza ukiwa nje ya pazia bado unafurahi.

Ndiyo maana filamu kama ya Drebin inamweka mtu wa maiki pabaya. Die Hard inamwachia nafasi kubwa ya kutia chumvi, kwa kuwa yenyewe haijachekesha sana. Ya Drebin imeshajaa, na inachekesha kwa sababu hakuna ndani yake anayeonekana kujua hivyo. Akitangaza "Mcheki huyu fala!" kauharibu ule uso mkavu ambao ndio mtaji wote. Akinyamaza, waliolipa kiingilio watadai chenji yao.

Walioifufua filamu mwaka 2025 walielewa habari ya uso. Nafasi ya mtoto wa Drebin walimpa Liam Neeson, mtu aliyetumia zaidi ya miaka 15 akiwatisha watekaji nyara wa sinema kwa sauti ya chini, wakamwacha awe vile vile. Uso umepata mrithi. Ninachojiuliza mimi ni juu ya mtu wa maiki siku akiletewa zile sehemu sita za mwaka 1982. Mapipa ya taka atayaweza, atayahesabu kwa sauti. Mpiga kiwi atampa jina. Halafu kesi inakwisha, muziki unapanda, wote wanaganda, kahawa inaanza kufurika, na pale kinachotakiwa ni sekunde 30 za yeye kutosema kitu.